Sato Aliyebaki Sahanini

Mimi ni mpishi. Husema hivyo hata siku ambazo sina jiko la kupikia, kwa sababu sijawahi kuwa kitu kingine. Nilianza nikiwa binti wa kumenya viazi katika hoteli ndogo iliyokuwa katikati ya mji, nikapandishwa kwenye chapati, kisha kwenye samaki, na kwenye samaki ndiko nilikobaki. Asubuhi nilishuka mwenyewe mwaloni, kule mitumbwi inakoshusha samaki, kuchagua sato. Niliwafunua mashavu kuangalia wekundu, nikabishana na akina mama wanaouza mpaka wakauzoea ubishi wangu na kuanza kuniwekea wale wazuri pembeni.

Halafu nikaanza kukohoa.

Mwanzoni nilisingizia moshi wa mkaa. Mpishi gani hakohoi? Lakini kikohozi kile hakikuniacha hata siku za mapumziko. Jioni homa ilinipanda, na sketi zangu zikaanza kuzunguka kiunoni kana kwamba nimeazima za mtu mwingine. Nilipokwenda kupima, nesi wa kituo cha afya aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ni kifua kikuu. Kinatibika. Utakunywa dawa miezi sita bila kuruka hata siku moja, na utapona."

Nilikunywa. Dada yangu mkubwa alinichukua nyumbani kwake Mkolani, akanipa chumba cha mbele chenye madirisha mawili kwa sababu nesi alisema nipate hewa. Alinipikia uji wa ulezi, alinifulia, alinikanda nyayo zilipowaka moto kwa sababu ya vile vidonge. Shemeji yangu, mume wake, ni fundi seremala, mtu wa maneno machache. Yeye alinitengenezea kiti cha kuotea jua nje ya mlango, hakusema ni cha nani, akakiweka tu. Siwezi kusema lolote juu ya nyumba ile bila kutanguliza hayo.

Nikapona. Vipimo vya mwisho vilitoka safi, nesi akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Haya, nenda kapike." Lakini hoteli yetu ilikuwa imeshafungwa. Mwenye jengo alikuwa ameligeuza duka la vipuri vya pikipiki, na pale lilipokuwa jiko langu palining'inia matairi. Kwa hiyo nilikuwa mzima, na sikuwa na kazi.

Mwaka mzima nilipika hapa na pale. Leo msiba, kesho kipaimara, siku nyingine hakuna kitu. Siku moja akanipigia simu mhudumu mmoja tuliyefanya naye kazi zamani. Alikuwa ameajiriwa kwenye hoteli mpya kando ya ziwa, nje kidogo ya mji, na aliniambia wanatafuta mpishi wa samaki. "Wamejaribu wawili, wote wanakausha samaki kama mbao," alisema. "Njoo, shoga yangu. Hii ni yako."

Nilikwenda nikiwa nimevaa blauzi ya kanisani. Walionifanyia usaili walikuwa watatu. Meneja alikuwa mama wa makamo, nadhifu, mwenye sauti laini. Pembeni yake alikaa mhasibu, kijana wa tai. Wa tatu alikuwa mpishi mkuu, mzee mnene mwenye mvi, ambaye nilipomwambia shikamoo aliitikia marahaba huku ananitazama mikono. Nadhani alikuwa anatafuta makovu ya mafuta. Aliyaona, akaridhika.

"Maneno tutayaongea baadaye," mzee alisema. "Tupikie sato unavyojua wewe."

Jiko lao lilikuwa zuri. Hata sasa nikikumbuka najisikia wivu. Lilikuwa na dirisha kubwa linaloangalia ziwa, na upepo uliingia hadi kwenye meza ya kukatia. Nilimkaanga sato kidogo tu, ngozi ishike, kisha nikamlaza kwenye mchuzi wa nyanya na vitunguu, moto mdogo, nikafunika. Ndimu niliikamua baada ya kuepua, maana ikichemka inaleta uchungu. Nilimwandalia kila mmoja samaki wake na wali, nikasimama pembeni.

Walikula kwa mikono. Hapo nilijua. Mtu wa ofisini akiweka uma chini na kukunja mkono wa shati, mpishi umeshinda. Mzee alianza na kichwa, akakifyonza polepole akiwa amefumba macho. Mhasibu hakuinua uso.

"Sasa hiki ndicho nilichokuwa natafuta," meneja alisema, akitoa mwiba mdomoni. "Dada, unavaa saizi gani ya sare? Jumatatu unaweza kuanza?"

Nilisema naweza. Nilitamani kucheka kwa sauti.

"Kuna kupima afya tu," aliendelea. "Ni utaratibu, kila anayeshika chakula lazima apimwe. Makohozi, choo, picha ya kifua, mambo hayo."

Nesi alikuwa ameniambia kwamba kovu la kifua changu halitafutika, kila picha nitakayopigwa itakuwa nalo. Kwa hiyo nilisema. Nilisema kwa wepesi, kama mtu anavyotaja kijiji alichozaliwa: "Hakuna shida, mama. Ila niwaambie mapema, picha itaonyesha kovu. Niliugua kifua kikuu zamani kidogo, nikatibiwa, nikapona kabisa. Ninavyo na vyeti vya kliniki."

Hakuna aliyesimama. Hakuna aliyesema neno baya. Mzee aliendelea kula. Mhasibu alinyanyua uso kwa mara ya kwanza, akamtazama meneja, akaitazama sahani yake. Meneja alikuwa na mnofu kati ya vidole. Aliushika hivyo hivyo kitambo, kisha akaurudisha kwenye sahani taratibu, akavuta karatasi laini na kufuta vidole, kimoja baada ya kingine.

"Pole sana, dada," alisema. "Na asante kwa kuwa mkweli."

"Nimeshapoa, mama."

"Ndiyo, ndiyo. Tunashukuru." Akaangalia simu yake. "Basi, tutakupigia."

Jumatatu haikutajwa tena, wala sare. Nilipokuwa nakusanya vyombo, alisema, "Acha tu, wataviondoa." Kwenye sahani yake sato alikuwa amebaki upande mzima, ule mnene, hajaguswa. Labda alikuwa ameshiba. Nimejiambia hivyo mara nyingi. Watu wa ofisini hawali sana mchana.

Nyumbani nilimsimulia dada yangu yote, tukiwa tunachambua mchicha uani. Nilianza kwa furaha, nikamweleza jiko, dirisha, mzee alivyofyonza kichwa. Nilipofika kwenye kovu, aliacha kuchambua.

"Nani alikuuliza?"

"Hakuna. Lakini picha ingeonyesha."

"Ingeonyesha ungeeleza. Mdogo wangu, mtu hajakuuliza, wewe unajifungulia mlango unamwambia aingie!" Alitikisa kichwa. "Na unajua wakisikia kifua kikuu wanafikiria nini kingine."

Nilijua. Wakati naumwa, jirani mmoja aliyekuja kunijulia hali alinitazama kwa huruma ya aina hiyo, ile inayokuhesabia na ugonjwa ambao huna. Lakini nilimwambia dada kwamba hoteli kubwa kama ile ni ya watu waliosoma, wanajua kwamba mtu anapona. Dada alirudi kwenye mchicha wake.

Jumatatu ikapita. Nilikuwa nabeba simu hadi bafuni, naiweka juu ya ndoo iliyofunikwa ili nisikose mlio. Wiki iliyofuata nilipiga mwenyewe, ikaita mpaka ikakata. Nikapiga siku nyingine. Jioni yake ukaja ujumbe: "Habari dada, ile nafasi imesitishwa kwa sasa. Tukiwa tayari tutakujulisha. Ubarikiwe."

Kama ingekuwa imesitishwa kweli, ningelia kidogo nikaendelea. Lakini yule rafiki yangu mhudumu alinipigia, akazunguka zunguka kwanza, akauliza hali ya dada, hali ya watoto wa dada, mpaka nikamwambia aseme.

"Wameweka mpishi," alisema. "Binti mmoja. Ameanza juzi."

"Anajua samaki?"

"Anajifunza." Akashusha sauti. "Wengine wanasema ni mtoto wa ndugu wa mwenye hoteli. Sijui. Hapa watu wanaongea mengi."

Hilo ndilo lililonichosha kuliko yote. Ikiwa binti yule alipewa kazi kwa sababu ya ujomba, basi mimi nilikuwa mmoja tu wa watu wengi wanaokosa kazi kwa sababu ya ujomba, na hilo nchi nzima inalijua. Lakini kama ujomba ulikuwa umesubiri nyuma ya mlango mpaka mimi nitamke neno moja, je? Nilirudia siku ile kichwani kama mtu anayetafuta ufunguo kwenye pochi ile ile. Meneja aliangalia simu kabla au baada ya kusema pole? Mhasibu alisogeza sahani, au niliota? Kulikuwa na siku niliamka nikiwa na hakika kabisa, na hadi saa nne asubuhi hakika yote ilikuwa imeniponyoka.

Nilikwenda kwa nesi wangu. Sikuwa na shida ya kifua, nilitaka tu kumwona mtu anayejua. Alinisikiliza huku anapanga vikopo vya vipimo, na nilipomaliza alikuwa amekunja uso.

"Wewe huambukizi mtu. Uliacha kuambukiza zamani, dawa ulikuwa hata hujazimaliza," alisema. "Nipe namba ya huyo mama nimweleze mimi."

Nilikataa. Sikutaka kupewa kazi kama dozi, mtu amesimamiwa mpaka ameze.

"Basi nenda mwenyewe ukamwulize," alisema nesi. "Umwulize macho kwa macho. Usipouliza, hiki kitu kitakukaa kifuani kuliko kile tulichokutoa."

Nikaenda. Mlinzi aliniambia nisubiri getini, akapiga simu ndani, na baada ya muda meneja akaja mwenyewe. Mara ya kwanza niliingizwa hadi jikoni. Safari hii tulizungumza nje, kwenye bustani, chini ya jua. Alisimama mbali nami kidogo. Upepo wa ziwa ulikuwa unavuma kutoka kwangu kwenda kwake, na niliona akijisogeza taratibu upande mpaka upepo ukawa hautupitii sote wawili. Au alikuwa anatafuta kivuli. Kulikuwa na kivuli upande ule, siwezi kumsingizia.

"Dada, pole kwa usumbufu," alianza. "Mkurugenzi alibadilisha mipango. Halafu tuliona tunahitaji mtu anayejua na vyakula vya kizungu."

"Nilisikia mmeweka mpishi wa samaki, mama."

"Ni wa muda tu."

Nilikuwa nimefanyia mazoezi sentensi yangu njia nzima, lakini ilipotoka ilitoka ndogo: "Ni kwa sababu ya kile nilichosema? Cha kifua?"

Alishtuka, au alijifanya kushtuka. "Hapana! Hapana kabisa. Sisi si watu wa hivyo." Kisha akasema kwa upole ambao naamini ulikuwa wa kweli, "Wewe angalia afya yako kwanza. Kazi za jikoni ni nzito, moto, moshi. Pengine Mungu anakuepusha."

Nilimshukuru. Mpaka leo sijui nilimshukuru kwa nini. Ni malezi. Mtu mzima akizungumza nawe vizuri unashukuru, hata kama amekufungia mlango.

Nilikuwa nimeshafika barabarani niliposikia mtu anahema nyuma yangu. Alikuwa mpishi mkuu, yule mzee, na aproni yake bado kiunoni. Alikuwa amenifuata kwa haraka, na mwili ule haukuzoea haraka.

"Binti yangu," alisema akishika kiuno, "mimi nilitaka uje. Nilisema hivyo mbele yao, nikarudia. Nataka ulijue hilo."

"Asante, baba. Sasa walisema nini?"

Aliangalia nyuma, getini. "Zaidi ya hapo usiniulize. Nina familia." Akanipa mkono, mkono mkubwa wenye joto la jiko, akanishika muda mrefu kuliko salamu inavyotaka. Kisha akarudi.

Nikafika Mkolani mchana, nina kiu. Dada alikuwa uani anafua, watoto wake nao wanacheza. Niliingia jikoni, nikachota maji mtungini kwa kikombe kilichokuwa karibu, kikombe cha bati chenye maua, nikanywa. Binti yake mdogo, ambaye hata shule hajaanza, alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama mdogo," alisema, "chako ni kile."

Alinyoosha kidole kwenye kikombe cha plastiki cha kijani kilichokaa peke yake kwenye ncha ya kabati, kando ya sahani moja na kijiko kimoja. Nilikuwa nakitumia kila siku. Nilikizoea tangu nilipokuwa naumwa, na nilidhani ni mazoea tu, kama mtu anavyokuwa na upande wake wa kitanda. Sikuwahi kujiuliza kwa nini baada ya kupona hakuna mtu mwingine aliyewahi kukishika. Mtoto hakuwa na ubaya wowote. Alikuwa ananisaidia, kama mtu anavyomwonyesha mgeni choo kilipo.

Dada alikuwa amesikia. Alikuja na povu mikononi, akasimama, akaniona na kile kikombe chenye maua.

"Dada," nilimwambia, "mwaka mzima?"

Hakujitetea haraka. Ningependa angejitetea haraka. Alikaa kwenye kigoda akaanza kulia, povu linadondoka sakafuni.

"Ni watoto," alisema. "Niliogopa kwa ajili ya watoto. Halafu ukapona, nikasema nitakiondoa. Kila siku nasema leo nitakiondoa. Nikazoea. Nisamehe, mdogo wangu, sikujua hata nitaanzaje kukuambia."

"Nesi alikuambia. Ulikuwepo."

"Alinambia. Nilisikia. Lakini woga hausikii nesi."

Nilikaa chini karibu naye. Sikuwa na hasira, na hilo lilinitisha. Huyu ndiye aliyenikanda miguu. Huyu ndiye aliyemwaga makohozi yangu kwa mikono yake nikiwa siwezi kusimama, siku ambazo nilikuwa wa kuogopwa kweli. Kama yeye, aliyenipenda hivyo na kusikia kwa masikio yake, alishindwa kurudisha kikombe kimoja kabatini, ningemdai nini mama wa hoteli aliyenijua kwa sahani moja ya samaki? Tulilia wote. Jioni alivichanganya vyombo vyote, akapakua ugali tukala pamoja kutoka sinia moja, yeye, shemeji, watoto na mimi. Shemeji alinisogezea mnofu kama kawaida yake. Nilimwona dada akijilazimisha asitazame mkono wangu ukienda kwenye mboga ya watoto. Alijitahidi sana. Chakula kile sikukisikia ladha.

Mwezi haukuisha nikahama. Hatukugombana. Nilimwambia nimepata chumba Butimba na nataka kujaribu biashara yangu, na yote mawili yalikuwa kweli. Alinipa sufuria mbili nzuri, shemeji akanichongea meza. Sasa napika chakula cha mchana karibu na chuo cha ualimu. Wateja wangu wengi ni wanachuo, wanakula samaki na maharage, wanacheka, wanaondoka. Jumapili naenda kwa dada baada ya kanisa. Tunapendana. Kuna kitu kimekaa kati yetu ambacho tunakizunguka tukipishana jikoni, na nadhani tutazeeka nacho.

Kifua changu kizima. Lakini nimegundua nimebadilika kwenye kupika. Zamani nilionja mchuzi kwa kudondoshea kiganjani mbele ya yeyote, kama kila mpishi. Siku hizi nageuka ukutani kwanza. Vumbi likinikwaruza koo naenda nyuma ya kibanda kukohoa, nasubiri, narudi natabasamu. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza chochote, na mimi sijamwambia mtu. Kusema ukweli tu bila woga kama nilivyosema siku ile, sidhani kama naweza tena.

Mama yetu anaishi Kisesa, peke yake na mbuzi wake. Kuhusu hoteli nilimsimulia siku ile ile ya usaili, kwa simu, kabla hata sijafika nyumbani. Nilimwambia wameniuliza saizi ya sare. Yaliyofuata sikumwambia, wala dada hakumwambia. Nilipokwenda kumwona mwezi uliopita alikuwa amenichemshia michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Tulikaa barazani tukala, naye akaanza na majirani, akaja kwenye mvua, akaja kwangu.

"Na wale watu wa ziwani?" aliuliza. "Wamekupigia?"

"Bado, mayu."

"Watakupigia," alisema. "Mtu aliyekula samaki wako hawezi kukusahau. Nakuombea kila siku."

Nilimjibu kwamba asante, aendelee kuniombea. Kisha nikamwuliza kuhusu mbuzi.